Riwaya ya Mapenzi na Riwaya Pendwa: Historia ya Istilahi Mbili Zinazochanganywa

Mezani kwa mkufunzi mmoja wa Kiswahili, nyumbani kwao Ndalambo, tulikuta vitabu kumi na saba vimepangwa katika mafungu matatu. Ndalambo ni kata ya wilaya ya Momba, upande wa magharibi wa Tunduma, katika mkoa wa Songwe ambao kabla ya mwaka 2016 ulikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Chuo anachofundisha ndugu yetu huyu kiko mbali na hapo. Lakini, kama walivyo wakufunzi wengi, yeye hurudi kwao wakati wa likizo pamoja na kazi zake. Safari hii kazi ilikuwa moja: kuteua riwaya sita za kusomwa katika kozi mpya ya muhula mmoja, ambayo chuo chake kimeipa jina la "Riwaya ya Mapenzi". Fungu la kwanza lilikuwa la vitabu asivyokuwa na shaka navyo; la pili la vile alivyovitilia shaka; na la tatu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko mengine, la vile alivyovifurahia mwenyewe tangu ujana wake lakini akiona haya kuvipeleka mbele ya kamati ya taaluma.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, mama yake mzazi aliingia na chai, akauliza ni vitabu vya nini vilivyojaa meza nzima. "Ni vitabu vya mapenzi, mama," akajibu, kisha, kama mtu aliyejikwaa, akajisahihisha upesi, "Yaani vya upendo." Mama akafurahi. Akauliza kama ni kanisa lililovileta.

Twakisimulia kisa hiki kidogo kwa sababu ndani yake mna tatizo zima tunalokusudia kulijadili katika makala haya. Mtu aliyeisomea lugha, na ambaye huifundisha kila siku, hakuwa na neno moja la kuliitia fungu la vitabu vyake ambalo angeweza kulitamka mbele ya mama yake, mbele ya kamati na mbele ya wanafunzi bila ya kubadili maana njiani. Na pale jina linapokosekana, uteuzi wa vitabu hufanywa na haya, mazoea, au orodha ya mtu mwingine.

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi kupenda kimezaa ukoo mkubwa: pendo, upendo, penzi, mapenzi, mpenzi, mpendwa, kipenzi, mapendeleo, upendeleo. Ndugu hawa wa mzizi mmoja wamehamia kila mmoja nyumba yake. Upendo umekaa zaidi katika mahubiri na katika wosia wa wazazi. Mapenzi, katika sala za Wakristo, yana maana ya matakwa ya Mungu. Na Shaaban Robert alipouita utenzi wake Mapenzi Bora alikusudia mapenzi ya maana pana, yanayomfunga mtu na utu wake, na jamaa zake na walimwengu. Lakini katika mazungumzo ya leo mapenzi yameelekea zaidi kwa mwanamume na mwanamke, na katika semi fulani yameelekea kitendo chenyewe, ndiyo maana ulimi wa mkufunzi wetu ukasita. Kando ya ukoo huo wapo wageni waliokwisha kuwa wenyeji, waliotoka katika Kiarabu: mahaba na huba, ambayo ni maneno ya mzizi mmoja, na ashiki. Haya yamestawi hasa katika ushairi na katika taarab, nayo yana adabu yake. Mtu mzima wa pwani aweza kuyataja mahaba barazani bila ya mtu kuinamisha uso.

Neno riwaya nalo lina safari yake. Katika Kiarabu asili yake ni kusimulia, kupokea habari kwa mdomo na kuipokeza kwa wengine; msimulizi huitwa rawi. Kwa muda mrefu vitabu vyetu vya nathari viliitwa hadithi tu, viwe virefu au vifupi, na wengi waliosoma Kusadikika ya mwaka 1951 walikijua kitabu hicho kwa jina hilo la hadithi. Riwaya kama istilahi ya kitabu kirefu cha nathari ya kubuni ilijikita baadaye, kwa kazi ya walimu na wahakiki, hasa baada ya Idara ya Kiswahili kufunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 na fasihi kuanza kufundishwa humo kwa Kiswahili chenyewe.

Hapa ndipo mfasiri anapoingia mtegoni. Kozi ya mkufunzi wetu imeigwa, kwa jina na kwa mpango, kutoka vyuo vya nje, ambako aina hii ya riwaya huitwa kwa neno la Kiingereza romance. Wengi hulifasiri mara moja kuwa mapenzi. Lakini neno hilo halikuanza na mapenzi hata kidogo. Asili yake ni lugha: lilikuwa jina la lugha za watu wa kawaida zilizotokana na Kilatini, kisha likawa jina la hadithi zilizotungwa kwa lugha hizo, hadithi za mashujaa, safari na maajabu. Wafaransa hata leo huita riwaya yoyote roman. Waingereza wakalibakiza kwa hadithi za mbali na za ajabu, na baadaye sana ndipo likaelemea upande wa wapenzi wawili.

Ushahidi wa jambo hili tunao katika Kiswahili chenyewe. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard iliyofanywa na Frederick Johnson, yule yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na ambaye kamusi iliyotoka mwaka 1939 yabeba jina lake. Haggard huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa romance. Je, yuko msomaji aliyeifuata safari ya Mashimo kwa kutafuta mapenzi? Mle mna jangwa, milima, almasi na wachawi. Mfasiri akiikuta istilahi hiyo katika historia ya fasihi ya karne ya 19 akaandika "riwaya ya mapenzi", atakuwa amemwambia msomaji wake uongo mtupu, tena bila ya kujua. Kwa maana hiyo ya kale twapendekeza "riwaya ya visa na maajabu", na tuliache jambo hilo hapo.

Maana mpya, ile ya wapenzi wawili, ina historia fupi iliyo wazi. Aghalabu wanahistoria wa aina hii huanza na Pamela ya Samuel Richardson ya mwaka 1740, wakapita kwa Jane Austen na kitabu chake cha mwaka 1813, Pride and Prejudice, kisha wakafika katika biashara: kampuni ya Mills & Boon iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, ambayo mwaka 1971 iliinunua ile ya kwanza. Katika mikono ya kampuni hizi aina ikapata sharti: penzi liwe ndio uti wa mgongo wa kitabu, na mwisho uwe wa furaha. Chama cha waandishi wa aina hii huko Marekani kiliyaandika masharti hayo mawili katika ufafanuzi wake. Wataalamu nao, kama Janice Radway mwaka 1984 na Pamela Regis mwaka 2003, wakaandika vitabu vizima kueleza kwa nini wanawake huzisoma na sehemu gani lazima ziwemo.

Mkufunzi wetu alikuwa ameunakili ufafanuzi huo katika daftari lake, akaanza kuvipima vitabu vyake kumi na saba. Matokeo yalimshangaza. Kwa sharti la mwisho wa furaha karibu kila kitabu cha fungu la kwanza kilianguka.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inaishia katika kifo cha Rosa kwa mkono wake mwenyewe, baada ya Charles kumkataa. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, ni penzi lililogeuzwa kuwa mtego wa fedha. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo mwaka 2021 ilitolewa kwa filamu na Amil Shivji, inatupatia penzi la Yasmin na Denge lenye kina kuliko mengi katika lugha yetu, na bado wawili hao hawaishii kuishi pamoja. Ukivitoa vitabu vitatu hivi katika kozi ya mapenzi kwa sababu havimalizikii harusini, umebaki na nini?

Kwa maoni yetu kosa liko katika kipimo. Ngano zetu za kale zilijua kumaliza kwa harusi: kijana masikini humpata binti wa sultani, na hapo msimulizi huifunga hadithi. Riwaya ya Kiswahili ilianza pale ngano ilipoishia. Aghalabu ndoa huja mapema, mara nyingi ikiwa imepangwa na wengine, kama Yasmin alivyoozwa kwa mzee Raza akiwa bado msichana mdogo, na riwaya nzima ni habari ya kile kinachofuata. Kizuizi cha mapenzi katika riwaya hizi ni baba, mali, kabila, dini, utawala. Mara chache sana ni kiburi cha wapenzi wenyewe kama kwa Austen. Kwa hiyo kuliuliza penzi la Kiswahili kama lilimalizika kwa furaha ni sawa na kumwuliza mkulima wa Momba kwa nini hakupata theluji.

Sasa tuje kwenye istilahi ya pili, ambayo ndiyo iliyoleta vurugu kubwa zaidi: riwaya pendwa.

Ili kuielewa hatuna budi kurudi katika hali ya miaka ile. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria Namba 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Fasihi iliulizwa inamtumikia nani. Kwa swali hilo kitabu cha mapenzi kilikuwa na jibu gumu, kwani kilionekana kuwa starehe ya mtu mmoja mmoja wakati taifa liko kazini. Rosa Mistika ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni, ingawa baadaye iliruhusiwa na hatimaye ikafundishwa. Na tazama ilivyofundishwa. Mwanafunzi akiulizwa dhamira zake husema malezi mabaya, ukali wa baba, nafasi ya mwanamke katika jamii. Majibu hayo ni sahihi kabisa. Lakini ni kana kwamba kitabu kiliweza kuingia darasani kwa sharti moja, kwamba penzi libaki nje ya mlango. Kiliitwa riwaya ya kijamii.

Wakati huo huo vilikuwapo vitabu vingine ambavyo havikuomba ruhusa ya kuingia darasani. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha kufungua njia kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Eddie Ganzel akafuata na Ndoto ya Mwendawazimu mwaka 1972, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, East African Literature Bureau, iliyokuwa ikichapisha tangu mwaka 1948, nayo ikasambaratika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, na vitabu vilivyochapwa Nairobi vikawa adimu madukani kwetu. Karatasi nazo zilikuwa haba. Lakini wasomaji hawakupungua. Wachapaji wadogo wa Dar es Salaam, na waandishi waliojichapia wenyewe, wakaliziba pengo hilo kwa vitabu vyembamba vyenye jalada la rangi, vikauzwa kwenye vibanda vya magazeti na vituo vya mabasi. Kajubi Mukajanga alitoa Kitanda cha Mauti mwaka 1982, na pia kitabu ambacho jina lake lenyewe ni Mpenzi. Ben Mtobwa akawa mwandishi na mchapaji kwa pamoja, na Dar es Salaam Usiku yake ya mwaka 1990 ilisomwa hadi majani yakachakaa. Nakala aliyokuwa nayo mkufunzi wetu ilikuwa haina jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi.

Wahakiki walihitaji neno la kuvikusanya vitabu hivi. Wapo walioviita chapwa, yaani visivyo na ladha, jina la kejeli ambalo kwa hakika halikufaa, maana lawama waliyovitupia ilikuwa kwamba vina ladha mno. Pendwa ndilo lililoshinda. Kwa upande wa umbo ni neno lililoundwa kwa ufundi: limetokana na kauli ya kutendwa ya kupenda na kutumiwa kama kivumishi, kama tunavyosema kamati teule. Kwa upande wa maana lilikusudiwa kusema riwaya inayopendwa na watu wengi. Hakuna ubaya hapo.

Ubaya ni kwamba mzizi wake ni ule ule wa mapenzi. Mwanafunzi anayesikia riwaya ya mapenzi na riwaya pendwa katika saa moja ya somo huyachukua majina haya kuwa mawili ya kitu kimoja, na sisi tumewahi kusahihisha karatasi za mtihani ambamo Njama ya Musiba, kitabu cha upelelezi cha mwaka 1981, kiliitwa riwaya ya mapenzi kwa sababu tu mwalimu alisema ni pendwa. Kinyume chake pia hutokea: kitabu chochote chenye penzi kama kiini chake hutiwa katika kapu la pendwa na kuhesabiwa chepesi kabla hakijafunguliwa. Istilahi moja yaeleza kitabu kinahusu nini; nyingine yaeleza kinauzwaje, kinasomwa na nani, na (tuseme ukweli) wasomi wanakionaje. Vipimo hivi viwili havikutani. Kiu ni ya mapenzi na si pendwa. Njama ni pendwa na si ya mapenzi. Mpenzi ni vyote viwili. Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, si hiki wala kile.

Katika jambo hili inafaa kuwatazama jirani zetu wa Afrika ya Magharibi. Huko Kano, kaskazini mwa Nijeria, tangu miaka ya 1980 wanawake na vijana wamekuwa wakiandika na kujichapia vitabu vya Kihausa viitwavyo littattafan soyayya. Neno soyayya halisemi kupenda tu. Lasema kupendana, mapenzi ya kwenda na kurudi baina ya watu wawili. Jina limetaja kiini cha kitabu, halikutaja kimo chake. Halikuwaokoa waandishi na hasira za watu, kwani mwaka 2007 vitabu hivyo viliteketezwa hadharani mjini Kano. Lakini liliwawezesha wanaobishana kujua wanabishana juu ya nini. Na miongoni mwa waandishi wale Balaraba Ramat Yakubu alifikia kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012, jambo ambalo halijazifikia riwaya zetu nyingi za vibandani.

Je, na sisi tuseme riwaya ya kupendana? Sarufi inaruhusu, na kauli hiyo ya kutendana ni hazina yetu ya Kibantu. Tumeijaribu kwa wakufunzi kadhaa, walicheka. Istilahi inayochekesha haiishi. Kwa hiyo twapendekeza hivi: "riwaya ya mapenzi" ibaki kuwa jina la aina nzima, kwa kitabu chochote ambacho ukiliondoa penzi kisa chake chote huanguka, uwe mwisho wake kilio au kicheko. Ndani ya aina hiyo, ile ya kampuni za nje yenye sharti la mwisho wa furaha iitwe "riwaya ya mahaba", kwa kuwa mahaba yana adabu na yana shangwe, na wala hayajabebeshwa mzigo mwingine katika istilahi za fasihi. "Riwaya pendwa" ibaki kwa habari za uchapaji na usomaji peke yake. Hatusemi kwamba pendekezo hili ni la mwisho. Tangu Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970 tumeona maneno mengi mazuri yaliyobaki vitabuni na maneno mengi ya ovyo yaliyoshika njia.

Na kuhusu kushika njia, kuna jambo ambalo wanafunzi wa mkufunzi huyu walimfundisha. Hadithi wanazosoma wao kwa simu zao, zinazotolewa sehemu baada ya sehemu, huitwa simulizi. Na zile za mapenzi, hasa zenye chumvi na pilipili, huitwa chombezo. Neno hili limetokana na kuchombeza, yaani kubembeleza na kushawishi kwa maneno matamu. Hakuna kamati iliyokaa. Mtu asiyejulikana aliliunda kwa kufuata kanuni zote za uundaji wa nomino kutokana na kitenzi, likakubaliwa. Vilevile simulizi imelirudisha wazo la rawi wa Kiarabu bila ya aliyelitumia kumjua rawi. Twakiri kwamba tulipolisikia mara ya kwanza tulilidharau. Sasa twadhani linastahili kuingia katika orodha, kwa maana yake mahsusi: hadithi ya mfululizo yenye kusisimua hisia za mahaba, itolewayo kwa sehemu gazetini au kwa simu.

Baada ya maneno hayo kukubalika mezani, uteuzi ulikwenda kwa kasi. Kipimo cha kuliondoa penzi kiliyapunguza mafungu matatu. Vitabu vya Willy Gamba vilirudi sandukuni. Ukiwaondoa wanawake wa Musiba jasusi bado ana kazi ya kufanya. Kiu ilipita. Rosa Mistika ilipita, na mkufunzi aliongeza sababu ambayo hatukuifikiria: Rosa hufika katika chuo cha ualimu, na wanafunzi wake wote ni walimu watarajiwa. Vuta N'kuvute ilipita. Mfadhili ya Hussein Tuwa, ambayo kiini chake ni penzi la Gaddi Bullah na Dania, ilipita bila ya ubishi; mwandishi wake ajulikana pia kwa vitabu vya kusisimua kama Mkimbizi, naye aliingia katika orodha ya riwaya za kidato cha tano na sita pamoja na Shaaban Robert na Shafi Adam Shafi. Hilo lamtosha mwenye kushikilia kwamba pendwa haiwezi kukaa darasani.

Tulibishana juu ya kitabu cha tano. Tulimwonesha kwamba orodha yake ilikuwa ya wanaume watupu, katika aina ambayo huko Uingereza na huko Kano imejengwa zaidi na wanawake. Alikubali, akakitoa chini ya fungu la pili kitabu cha Zainab Burhani, Mwisho wa Kosa, cha mwaka 1987, ambacho wanafunzi wa sekondari za Kenya wamekisoma kwa mtihani lakini ambacho upande wetu wa mpaka hakikupata wasomaji kinaostahili. Kwa ajili yake Ngoswe aliachwa, kwa sababu mbili: kazi hiyo ya Edwin Semzaba ni tamthilia, na penzi lake, ambalo jina la kitabu lalitaja kuwa kitovu cha uzembe, limekwisha kusomwa na kila mtumishi wa serikali aliyepita kidato cha nne. Karani wa sensa anayepoteza kazi ya taifa kwa sababu ya msichana ni onyo ambalo hawa vijana wanalijua.

Likabaki suala la nakala, na hili halitatuliwi kwa istilahi. Wanafunzi wake ni zaidi ya thelathini. Mpenzi, aliyoitaka sana iwe ya sita kwa kuwa ndiyo pekee iliyosimama katika fungu zote mbili, ya mapenzi na ya pendwa, haipatikani dukani. Nakala yake ni moja, ya mwaka wa ujana wake, na kuirudufu kwa darasa zima ni kuingilia haki ya mwandishi. Vitabu tulivyovidharau kwa miaka arobaini ndivyo ambavyo hakuna maktaba iliyovitunza. Tulimshauri aisome kwa sauti darasani, saa moja kila juma, kama rawi. Alitutazama kwa muda, akaandika katika daftari: "Mpenzi, kwa masikio."

Mstari wa kichwa cha kozi aliufuta mara mbili. Mwishowe akaandika "Riwaya ya Mapenzi" kama ulivyokuwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, ufafanuzi wa sentensi moja kwa ajili ya kamati ya taaluma. Kulipokucha, wakati akifunga sanduku, mama yake alikuja kuvihesabu vitabu vilivyobaki mezani, kumi na moja, akauliza kama hivi navyo ni vya upendo na kama aweza kubaki na kimoja. Mkufunzi alisita, akampa kile kisicho na jalada.